Hizi klabu za kulipia ili upate punguzo la ndege zina faida kweli? Mdogo wangu ananisumbua

DadaWaKibirizi (Kigoma)

Habari za jioni wakuu, nipo Kigoma mwisho wa reli, naombeni mawazo maana jambo lenyewe linahusu hela na hela ya dagaa mnajua inavyotafutwa. Mdogo wangu anasoma Hungary, mji unaitwa Debrecen, alipata skolashipu ya serikali ya kule kwa hiyo ada hainisumbui ila hivi vingine vyote bado ananitegemea mimi dada yake. Sasa kuna mtoto wa shangazi yuko Uholanzi anataka akamsalimie likizo, wiki hii kanitumia skrinshoti ya ndege za Wizz Air, safari moja ina bei mbili, ya kawaida na chini yake nyingine ndogo imeandikwa ni ya wanachama wa klabu yao ya punguzo. Nikaiona ile ndogo nikafurahi, kushuka chini kwenye jumla nakuta hela kubwa kuliko hata ile bei ya kawaida, kumbe ukigusa ile ndogo uanachama wa mwaka mzima unaingia humohumo kwenye bili.

Yeye anasema dada lipa tu, mwaka mzima kila tiketi itapungua. Mimi nasita. Sikatai kumsaidia, nataka nijue kwanza kama hii ni akiba ya kweli au tunalipia jina la uanachama tu. Halafu swali la pili, huku kwetu kuna kitu kama hiki? Napanda Dar mara kwa mara kwa ajili ya mzigo na nikikata tiketi ya ndege dakika za mwisho naumia sana.

MnyamweziWaCheyo (Tabora)

Mwangaluka dada. Nimeishi Poland na hizo ndege ndo zilikuwa daladala zetu kwa hiyo hili nalijua vizuri. Hesabu yake iko hivi, mwanachama anapunguziwa angalau euro 10 kwa kila tiketi ya upande mmoja, lakini nauli yenyewe lazima iwe zaidi ya euro 19.99, chini ya hapo hakuna punguzo. Kwenda na kurudi ni pande mbili, euro 20. Tuseme ada ya mwaka ni euro 40, hapo akienda na kurudi mara mbili hela yako imerudi, ya tatu ndo unaanza kula faida. Na kuna jambo dogo alikwambia? Uanachama wa kawaida unambeba na mtu mmoja wa kusafiri naye kwenye bukingi hiyohiyo, naye anapunguziwa. Kwa hiyo akienda na rafiki yake Uholanzi na wakagawana ada, safari moja tu ya wawili kwenda na kurudi imeshamaliza euro 40.

Ila ngoja nikwambie inapoponza watu. Mwanafunzi anasafiri kwa bei ya chini kabisa, anavizia katikati ya wiki, Novemba au Februari, na hizo tiketi ndo zile za euro 15 ambazo punguzo haliziingii, kwa hiyo mjanja wa kuvizia tiketi klabu haimsaidii sana. Inamsaidia anayesafiri siku ambazo kila mtu anasafiri, Krismasi, Pasaka, mwisho wa muhula, bei zikiwa juu. Muulize mdogo wako safari gani zimeshapangwa tayari, tarehe zikiwemo, usimuulize punguzo ni kiasi gani. Akikwambia "nitazunguka zunguka tu" basi usilipe, maana kadi ikishakuwepo mtu anaanza kutafuta safari za kuitumia na kila safari ina chakula na pa kulala.

Na begi! Bei hizo zote ni za mtu na kibegi cha kuweka chini ya kiti, sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Achukue futi ya fundi cherehani akipime na kikiwa kimejaa, siyo kitupu, kile cha laptop kikishashindiliwa sweta mbili kinavimba kinapita 20. Akiongeza begi la kuvuta anaweza kulipa kuliko tiketi yenyewe. Klabu inapunguza euro kadhaa kwenye begi pia kama akilipia onlaini mapema, hiyo aihesabu.

RelihadiKigoma

Mimi napinga wazi kabisa. Kampuni haiwezi kukuuzia punguzo kama yenyewe haifaidiki. Ile ni hela wanaichukua mapema kabla hujapanda hata ndege moja, halafu wanakufunga usiangalie kampuni nyingine, unaona Ryanair bei nzuri unasema aah mimi mwanachama wa Wizz ngoja nitumie huku. Bora hiyo laki na kitu amtumie anunue koti la baridi.

MnyamweziWaCheyo (Tabora)

@RelihadiKigoma kwenye kufungwa nakubaliana na wewe asilimia zote. Lakini la kwamba kampuni lazima ifaidike, hapana mkuu, tena Ryanair uliyoitaja ndo mfano wenyewe. Machi 2025 walianzisha klabu yao ya Prime, euro 79 kwa mwaka, unapata ofa za kila mwezi, siti ya kuchagua na bima ya safari. Novemba mwaka huohuo wakatangaza wanaifunga. Sababu waliitoa wenyewe, wanachama zaidi ya 55,000 walilipa kama euro milioni 4.4 lakini walipata punguzo la zaidi ya euro milioni 6. Gawanya uone, kila mtu kwa wastani alilipa 80 akarudishiwa karibu 109. Kampuni ndo iliyoumia.

Ila wastani nao una siri yake, kuna aliyeruka kila wiki akavuna mamia na kuna aliyelipa akapanda mara moja basi. Dada aangalie mdogo wake yuko upande upi kati ya hao wawili.

Mama_Salha_Ujiji

Dada pole na hongera kwa kumlea mdogo wako. Mimi naongezea la Marekani kwa sababu shemeji yangu yuko kule na haya mambo yako huko zamani. Kampuni ya ndege ya Frontier wana klabu inaitwa Discount Den, ada ilikuwa dola 59.99 kwa mwaka na mtu mpya alilipa dola 40 nyingine juu yake za kujiunga. Kampuni nyingine, Spirit, walikuwa na yao dola 69.95, na hawa Spirit wakaomba ulinzi wa kufilisika Novemba 2024 kisha tena Agosti 2025, kwa hiyo ujue unalipa mwaka mzima mbele kwa kampuni ambayo huijui mifuko yake. Kwa shemeji ilifaa kwa sababu wana watoto, ukiwa na familia ya watu watano au sita kwenye bukingi moja wote wanapata bei ya mwanachama, safari moja tu ada imerudi na chenji juu. Mtu mmoja peke yake ni ngumu.

La muhimu ninalotaka ulishike ni hili: uanachama huu unajirudia wenyewe. Mwaka ukiisha wanakata kwenye kadi bila kukuuliza. Shemeji alikatwa na kampuni moja, siitaji, akiwa hana safari yoyote, alipiga simu wakamwambia masharti yapo alikubali. Kwa hiyo wewe unayelipa kwa kadi yako kutoka Kigoma uwe makini sana, siku hiyohiyo ya kujiunga mwambie aingie kwenye akaunti azime kujirudia, akutumie skrinshoti kwamba imezimwa. Usikubali kauli ya "nitazima baadaye dada". Watoto wanasahau.

Kapteni_Mwanga

Najibu swali la pili la dada maana naona limesahaulika.

Klabu ya kulipia ya namna hiyo kwa ndege za ndani usiisubirie leo wala kesho. Hizi klabu zinaishi kwenye kampuni za bei nafuu zenye ndege nyingi na njia nyingi, siti zinabaki tupu na abiria ana pengine pa kwenda, kwa hiyo wanakubembeleza. Njia yetu ya Kigoma kampuni ni moja au mbili, nani akubembeleze? Tulionja kidogo bei nafuu enzi za fastjet, walianza Novemba 2012 Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, watu walikata tiketi za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, mwisho wa 2018 ikaisha. Kigoma hata hatukufikiwa na hiyo neema.

Kilichopo kwetu ni pointi za wasafiri na hizo ni za BURE, usichanganye na klabu. ShebaMiles ya Ethiopian bure, Asante Rewards ya Kenya Airways bure, Skywards ya Emirates bure pia, ila Emirates wana nyingine inaitwa Skywards+ ya kulipia, ya chini ni dola 399 kwa mwaka, hiyo inawafaa wenye pointi nyingi za kutumia, siyo mimi na wewe. Mdogo wako kabla hajapanda ndege kubwa ya kuja nyumbani ajiunge na ya bure ya kampuni anayosafiri nayo, anapata pointi Budapest mpaka Dar bila kulipa senti.

Na hapohapo, ile klabu ya Wizz haimleti nyumbani, Wizz hawaji Tanzania. Kuna vijana wanaunganisha wenyewe, wanachukua ndege nafuu mpaka Dubai halafu tiketi nyingine mpaka Dar. Hizo ni tiketi mbili zisizojuana, ya kwanza ikichelewa ya pili inaondoka na hakuna wa kumdai, begi anachukua mwenyewe anaanza upya. Mimi mwanangu simruhusu.

Kwa safari zako za Dar kinachookoa hela ni kukata mapema, yale madaraja ya nauli ya chini yanaisha kwanza, anayekata wiki tatu kabla na anayekata jana yake wanakaa siti jirani kwa bei tofauti kabisa. Ukishindwa, panda basi mpaka Dodoma ukadake treni ya SGR, daraja la kawaida Dodoma hadi Dar lilipangiwa 31,000.

DadaWaKibirizi (Kigoma)

Wakuu Mungu awabariki, mmenifungua kweli. Nimempigia sasa hivi nikamuuliza safari zilizopangwa, kanitajia Uholanzi Desemba na harusi ya rafiki yake Italia mwezi wa tano, zote anakwenda na mwenzake mmoja wa Iringa wanayekaa naye. Nimemwambia aangalie bei za tarehe hizo bila klabu na zikiwa na klabu, na begi ndani yake, na aangalie na kampuni nyingine siyo hiyo moja, aniandikie kwenye karatasi apige picha. Zikiwa juu ya hiyo euro 20 na mwenzake akitoa nusu ya ada, nalipa. Mama Salha la kuzima kujirudia nimelishika, bila skrinshoti hela haitoki.

Kapteni, hiyo ya kukata wiki tatu kabla, nikibadilisha tarehe kwa sababu mzigo umechelewa kutoka ziwani wananikata kiasi gani kwenye tiketi za daraja la chini? Maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi na ratiba yangu yote inasogea.

Kapteni_Mwanga

Hapo ndo pa kuangalia dada. Tiketi za chini kabisa kubadilisha unalipa faini pamoja na tofauti ya nauli, wakati mwingine daraja moja juu yake linakutoka nafuu zaidi kwa mtu wa ratiba kama yako. Kabla hujalipa mwambie wakala akusomee masharti ya kubadilisha ya hiyo tiketi, yote, akuandikie na kiasi. Na safari zako zipange ziangukie siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi imepaki na wewe uko huru kusafiri.