Karatasi inasema Februari 1944, familia inasema Burma: tuandike nini kwenye jiwe?

Mjukuu wa Kangundo

Ndugu zangu, naomba msaada wa wanaoifahamu historia ya askari wetu wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Babu yangu mzaa baba alikuwa na mdogo wake aliyeandikishwa jeshini akiwa na miaka kama 20, hajaoa bado, na hakurudi. Sisi sote tumekua tukiambiwa kwamba alifia Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar.

Mwaka huu familia imekubaliana kumwekea jiwe la kumbukumbu kando ya makaburi ya wazazi wake. Fundi wa mawe, mwenye karakana hapa Nairobi, amekataa kuanza kuchonga hadi apewe maandishi kamili, pamoja na mahali na tarehe ya kifo. Ndipo shangazi yangu, ambaye ana miaka 84, alipotoa kopo la majani ya chai aliloachiwa na mama yake, na ndani yake mkawa na karatasi mbili. Ya kwanza ni barua iliyotoka Mombasa mwezi wa Januari 1944, kwa mwandiko wa mtu mwingine kwa kuwa babu mdogo hakusoma. Inaanza kama barua zote za wakati ule, kwamba yeye ni mzima na hofu ni juu yetu, kisha anaeleza kuwa wanangoja meli, na anasisitiza kwamba yule mbuzi jike aliyenunuliwa kwa pesa alizotuma asiuzwe hata kukiwa na njaa. Ya pili ni taarifa ya kifo iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Imekatika kwenye mikunjo, na kinachosomeka ni kwamba alikuwa wa Kikosi cha Mizinga cha Afrika Mashariki na tarehe 12/2/44.

Nimelitafuta jina lake kati ya waliozikwa au kutajwa Burma, sikulipata. Nitafute wapi?

Mwalimu Mstaafu, Kaloleni

Mjukuu, pole, na umshukuru shangazi yako kwa kulihifadhi kopo hilo. Tarehe hiyo ikiwekwa pamoja na kikosi hicho haiachi shaka kubwa: babu yako mdogo hakufika Burma.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari uliondoka Mombasa kuelekea Colombo huko Ceylon (Sri Lanka ya leo), ukisindikizwa na manowari za Uingereza. Mojawapo ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail, na ndani yake walikuwamo watu 1,511, wakiwemo wauguzi wa kike na askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga kilichoundwa huku kwetu. Alasiri ya Jumamosi tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliyojulikana kama I-27 iliipiga kwa topido mbili, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi. Waliokufa ni 1,297, na waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Kuna jambo jingine, nawe utaamua kama shangazi alisikie au la. Nyambizi ile ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari ziliangusha mabomu ya majini pale pale, kwa kuhofia kwamba ingezishambulia meli nyingine. I-27 nayo ikazamishwa siku hiyo hiyo.

Barua yako inaafikiana na haya yote, maana Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo iliyopigana katika bonde la Kabaw na kuufikia mto Chindwin huko Kalewa, iliingia Burma miezi kadhaa baadaye mwaka huo huo wa 1944. Kwa hiyo usiendelee kutafuta Burma. Nenda Ngong Road, kwenye Makaburi ya Vita ya Nairobi, ambamo mna Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ulioandikwa majina ya askari wasio na kaburi linalojulikana. Mengi ya majina hayo ni ya waliozama na Khedive Ismail.

Mzee wa Makongeni

Kwa heshima zote, Mwalimu, mimi ningewashauri waandike Burma na wamalize. Kwa wazee wetu, Burma lilikuwa jina la vita vyenyewe. Aliyekwenda Ceylon alikwenda Burma, na hata soko letu hapa Eastlands linaitwa Burma ingawa hakuna risasi iliyopigwa pale. Kijana alipanda meli kwenda huko, na mama yake akamlilia kama aliyefia huko. Jiwe ni la familia, si la wanahistoria.

Mwalimu Mstaafu, Kaloleni

Mzee mwenzangu, ungekuwa na haki kama karatasi isingekuwapo. Lakini ipo, na jiwe litasomwa na vitukuu ambao hawatamkuta shangazi wa kumuuliza.

Dada wa Jamhuri

Mimi naishi karibu na makaburi hayo na nimewahi kumtafutia jirani yangu jina la mjomba wake, kwa hiyo naongeza la utafutaji tu. Makarani wa jeshi waliandika majina kama walivyoyasikia, na mara nyingi askari aliandikwa kwa jina lake na la baba yake, bila lile ambalo familia inalitumia leo. Nzioka unaweza kumkuta ameandikwa Nzyoka. Kabla ya kwenda, ingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, utafute kwa tarehe ya kifo na kikosi badala ya jina, kisha upitie orodha polepole, ukisoma kila jina kwa sauti. Ni bure. Na ukitaka kujua habari za wilaya wakati huo, Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue wana mafaili ya Machakos, ambayo alama yake ni DC/MKS.

Mjukuu wa Kangundo

Asanteni nyote. Nilifuata ushauri wa kusoma kwa sauti, na jina la baba yake ndilo lililonishtua, kwa kuwa limeandikwa kama vile Mzungu angelitamka. Jumamosi nilimpeleka shangazi Ngong Road. Alitembea polepole mbele ya majina, na nilipomwonyesha lake aliliwekea kidole, akaniomba nimsomee mara tatu. Kisha akauliza kutoka pale hadi stendi ya magari ya Machakos ni mwendo gani. Nilimwambia kwamba hata kukiwa na msongamano ni kama saa moja. Alisema mama yake angeweza kuja.

La mabomu sikumwambia. Fundi nimempa maneno haya: Bahari ya Hindi, 12 Februari 1944. Shangazi amekubali, ila ameomba tuongeze mstari mmoja chini kwamba alikuwa njiani kwenda Burma, na fundi anasema nafasi inatosha.