Tairi zote nne zinavuta, mbona nakwama kwenye tope?

Mwl_Tukuyu: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha huku milimani Rungwe, na masika ikianza barabara yetu ya udongo inateleza kama imepakwa sabuni. Juzi nilikwama kwenye korongo. Tairi ya mbele kushoto na ya nyuma kulia zinazunguka bure, zile mbili nyingine kimya kabisa! Sasa hiyo nguvu ya tairi nne iko wapi?

FundiWaDifu: Pole sana mwalimu. Difu, yaani gia za katikati ya ekseli, kama haina loki ya kuzifunga tairi zake mbili zizunguke pamoja, huzigawia nguvu sawa, kwa hiyo inayoteleza ndiyo inayoamua: yenyewe ikikosa pa kushika, mwenzake naye hapati kitu. Gari nyingi za sasa hutibu hilo kwa breki. Sensa ikiona tairi inazunguka ovyo, inabanwa, na nguvu inaenda kwa iliyoshika. Usiachie mafuta mapema. Kanyaga taratibu, uipe breki muda wa kuibana.

Dereva_Isongole: Tairi zako zikoje, mwalimu? Ukichanganya kipara na mpya, zinazunguka kwa kasi tofauti, na klachi ya katikati, ile inayounganisha tairi za mbele na za nyuma, inasuguana hata kwenye lami, mwisho inaungua. Na kwenye mteremko kuwa makini mno, maana tairi nne kuvuta hakukusaidii kusimama.

Mwl_Tukuyu: Kumbe! Nyuma ni vipara, mbele nilifunga mpya mwezi uliopita. Jumamosi nashuka Mbeya kutafuta nne zinazolingana.