rpy2 imesakinishwa bila kosa, lakini Python haiipati R

Zabibu_Hombolo:
Habari zenu, ndugu zangu. Ninashughulikia takwimu za mavuno ya zabibu katika ofisi moja hapa Dodoma, na nimerithi kwa mtangulizi wangu programu ndefu ya R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, inayotumia pakeji ya lme4 (ya modeli za takwimu) kulinganisha uzito wa mavuno ya mashamba ya Hombolo na Mpunguzi kwa misimu yote miwili ya mwaka. Mimi mwenyewe ni mtu wa Python, kwa hiyo badala ya kuandika upya kazi iliyokwisha kukaguliwa, nimeamua kutumia rpy2 3.5.16, ile maktaba huria inayoiwezesha Python kuiita R ndani kwa ndani.

Kinachonishangaza ni kwamba pip install, amri ya kusakinisha maktaba za Python, ilimalizika salama, lakini ninapoandika import rpy2.robjects ninajibiwa kwamba faili /usr/local/lib/R/lib/libR.so halipo. Nimelitafuta kwenye diski nzima na kweli halipo, ingawa R yenyewe inafanya kazi vizuri nikiifungua kwenye terminali. Seva ni Ubuntu 22.04, na R ni toleo la 4.3 ambalo mtangulizi wangu alilijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo. Nimeondoa rpy2 na kuisakinisha tena mara tatu, na kifurushi changu cha intaneti kinaelekea ukingoni.

Fundi_Kikuyu:
Ndugu, iache rpy2 kwanza, maana kosa haliko kwake. Daraja lako ni zima. Ng'ambo ndiko hakuna pa kulishikiza. R ikijengwa kwa ./configure tupu (hatua ya kuandaa ujenzi, bila chaguo lolote), msimbo wake mkuu hufungwa ndani ya programu moja inayojiendesha yenyewe, na libR.so haitengenezwi kabisa. Programu nyingine haiwezi kuibeba R ndani ya kumbukumbu yake mpaka R iwe imejengwa kama maktaba shirikishi, yaani faili ambalo programu nyingine zinaweza kulipakia, na hilo huombwa kwa kuongeza --enable-R-shlib wakati wa configure. Kabla hujagusa kitu, andika R CMD config --ldflags. Ukijibiwa kwamba R haikujengwa kama maktaba, basi umeshapata jibu lako.

Kuhusu pip kunyamaza, tangu toleo la 3.0 rpy2 hutumia cffi, maktaba ya kuunganisha Python na msimbo wa C, ambayo ina njia mbili. Katika njia ya API, kompaila ya C hujenga kiunganishi wakati wa kusakinisha. Katika njia ya ABI hakuna kinachokompailiwa, na libR.so hutafutwa pale tu unapoiita. Njia ya kwanza iliposhindikana, kisakinishi kiliangukia ya pili kimya kimya, tabia ambayo mimi siipendi hata kidogo, kwa sababu huahirisha kosa badala ya kulisema.

Njia fupi ni sudo apt install r-base, ambayo huja na libR.so tayari, kisha export R_HOME=/usr/lib/R (kuitajia folda ya R) kabla ya kuwasha Python. Usiposema R_HOME, rpy2 itaiuliza amri ya R mahali ilipo, na kwa kuwa /usr/local/bin hutangulia kwenye PATH, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, utarudishwa kwenye R ileile ya zamani.

Zabibu_Hombolo:
Nashukuru sana, fundi. Amri imenijibu kama ulivyosema. Tatizo ni kwamba Ubuntu 22.04 hutoa R 4.1.2, na programu niliyorithi inatumia kistari cha chini kushika nafasi upande wa kulia wa bomba la |> (alama inayopeleka matokeo ya hatua moja kwenye inayofuata), jambo ambalo R iliruhusu kuanzia 4.2.0. Itanibidi nijenge upya. Folda ya msimbo bado ipo. Je, nirudie configure na make (amri inayojenga programu) juu yake?

Dada_wa_Seva:
Kaka, usijenge juu ya masalia. Anza na make distclean, inayofuta masalia ya ujenzi, kwa sababu mafaili ya .o (vipande vya msimbo vilivyokwisha kukompailiwa) yaliyomo hayakukompailiwa kwa chaguo la -fPIC, na msimbo wa maktaba shirikishi lazima uweze kukaa popote kwenye kumbukumbu. Hakikisha gfortran, libreadline-dev, libpcre2-dev, libcurl4-openssl-dev na python3-dev zimo, ndipo uendelee.

Nikuonye pia kuhusu umeme. Nilipokuwa nikijenga R nyumbani Chang'ombe, umeme ulikatika katikati ya make, na uliporudi nikaiendesha tena nikiamini itaendelea ilipoishia. Kuendelea iliendelea, ila make hutazama tarehe ya faili, haitazami kilichomo, hivyo ikaliruka faili moja la .o lililobaki na baiti sifuri, na mwishoni kabisa kiunganishaji kikakataa. Alasiri nzima ilipotea hivyo. Siku hizi nikikatikiwa huandika kwanza find . -name '*.o' -size 0 -delete.

Na yale marudio yako matatu hayakujenga chochote: pip huhifadhi pakeji iliyoijenga mara ya kwanza na kukurudishia hiyohiyo. R ikishakamilika, andika RPY2_CFFI_MODE=API pip install --no-cache-dir --force-reinstall --no-deps rpy2==3.5.16. Hapo kosa likiwepo utaliona.

Mzee_Kondoa:
Wanangu, yote hayo ni sahihi, lakini swali langu ni moja: R hiyo itaitwa mara ngapi? Kama ni mara moja kwa msimu, Rscript (amri ya kuendesha faili la R moja kwa moja) na faili la CSV vinatosha, wala hakuna haja ya daraja. Na kama unataka kuiweka nyuma ya tovuti, kumbuka kwamba R haivumilii nyuzi mbili (mikondo miwili ya kazi ndani ya programu moja) kuiingia kwa wakati mmoja.

Zabibu_Hombolo:
Shikamoo, mzee. Huitwa mara mia kadhaa ndani ya mzunguko mmoja, shamba kwa shamba, na yote katika uzi mmoja, ndiyo maana sikupenda CSV.

Nimejenga upya, na libR.so sasa ipo. Kilinikwamisha kidogo kipakiaji cha Linux, ambacho hakikuiona mpaka nilipoandika export LD_LIBRARY_PATH="$(python -m rpy2.situation LD_LIBRARY_PATH)", tena kabla ya kuwasha Python, kwa sababu njia hiyo husomwa mchakato unapoanza tu. Mashamba ya Mpunguzi yameshapita yote na namba zinalingana na za mtangulizi wangu. Ya Hombolo yanaendelea sasa hivi.