Mgahawa wa kukaangia mawese, Mwanga Kigoma: zimamoto naanzia wapi?

MamaMigebuka
Wapendwa wa mwisho wa reli, naomba msaada. Nahamishia mgahawa fremu mpya hapa Mwanga. Mwenye nyumba anataka cheti cha zimamoto kabla ya mkataba. Je, wanakagua hata kijisehemu kama changu, au ni mambo ya hoteli na sheli? Pili, nina wasichana wawili jikoni. Juzi mawese yalishika moto kwenye kikaango, mdogo akakimbilia ndoo ya maji. Nikamdaka mkono. Nani atawafundisha hawa?

Kibirizi_Asili
Dada, wanakagua hata fremu. Fika ofisini kwao uombe ukaguzi, utapewa namba ya malipo ya serikali. Ada inategemea aina na ukubwa wa sehemu. Ukimpa mtu hela mkononi, imekula kwako.

Mzee_wa_Kingora
Binti yangu, cheti kitapatikana. Mimi nimeshtushwa na hiyo ndoo. Maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka yanazama, yanageuka mvuke palepale na kutanuka kama mara 1,700, kisha yanarusha moto mpaka darini. Zima gesi kama unaifikia bila kupitisha mkono juu ya moto. Funika kikaango kwa sinia au mfuniko wa bati, ukiache hapohapo mpaka kipoe kabisa. Wengi hufunua mapema wachungulie, moto unarudi. Wengine hukibeba kukitoa nje, na ndio hao wanaoungua miguu.

Mtungi wa gesi usimame wima, nje ya ukuta ikiwezekana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatuama chini. Ukiinusa, usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Fungua milango.

Mafunzo waombe wakaguzi wenyewe, kutoa elimu ni sehemu ya kazi yao. Ila usikubali maneno matupu. Wasichana washike kizima moto kwa mikono yao: wavute pini, waelekeze kwenye shina la moto, wabane kishikio, wafagie huku na huku. Kile kidogo kinaisha kwa sekunde chache tu. Hakuna atakayesoma maandishi ya ubavuni wakati dari linawaka.

MamaMigebuka
Shikamoo baba. Kizima moto changu kina pembe nyeusi kama honi, na hakina ule mshale wa kijani. Niliuziwa kibovu?

Mzee_wa_Kingora
Marahaba. Hicho ni cha hewa ya ukaa, hakiwekwi geji, yaani hicho kipimo cha mshale. Kinapimwa kwa mizani, unalinganisha na uzito uliopigwa muhuri kwenye chupa. Kitundike karibu na mita ya umeme. Kwenye kikaango usikielekeze, kishindo chake kinatawanya mafuta. Jikoni ongeza blanketi la kuzimia moto.

Kibirizi_Asili
Na dharura ni 114, haikati salio. Waandikie wasichana ukutani pamoja na alama ya kuelekeza. Mwanga ni kubwa, ukisema "karibu na msikiti" utaulizwa upi.