Kengele ya mtungi wa oksijeni: nimekwama, naomba ushauri

FundiKondele
Habari wadau. Mimi ni fundi wa vifaa katika hospitali moja hapa Kisumu. Mwaka jana mtungi wa oksijeni uliisha usiku, sista akiwa peke yake wodini, na hakuna aliyejua mpaka midomo ya mtoto ikageuka bluu. Alipona, lakini mimi sijatulia. Nimeunda kengele: sensa inakaa kati ya mtungi na regyuleta (kile kinachopunguza presha ya gesi), presha ikishuka inalia. Msimamizi amekataa hata kuitazama, eti Bodi ya Dawa na Sumu, inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, itatuandama. Nifanyeje?

Biomed_Nakuru
Ndugu, hapo msimamizi amekuokoa. Umeingilia njia ya gesi yenyewe. Mtungi uliojaa una presha ya baa 137 hivi. Grisi kidogo tu ya kidoleni ikikutana na oksijeni hiyo yaweza kuwaka bila kiberiti. Itoe hiyo sensa leo.

Pima uzito badala ya presha. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 hubeba oksijeni ya kilo 9 hivi. Mzani ukikaa chini yake utaona kilo zikipungua, nawe hujagusa hata nati moja.

FundiKondele
Sikuwaza hilo la grisi kabisa. Asante. Lakini mitungi yetu imefungwa mnyororo ukutani, mzani hautadanganyika?

Biomed_Nakuru
Mnyororo kazi yake ni kuzuia mtungi usianguke, si kuubeba. Linganisha na geji kila saa uone.

SistaWaZamu
Mwanangu, niko Kakamega, zamu za usiku nazijua. Kengele inayolia ovyo inachosha, lakini ninayoiogopa ni iliyonyamaza. Betri ikifa nami nimeshaizoea, geji sitaiangalia. Weka taa ya kijani inayowaka muda wote mambo yakiwa sawa. Ikizimika, nakimbia. Na stima ikipotea je?

Mtafiti_Maseno
Sikia sista. Kisha andika kila namna kifaa kinavyoweza kukosea na utakavyoizuia. ISO 14971, kiwango cha kimataifa cha kudhibiti hatari za vifaa vya tiba, inakuonyesha jinsi. Anza sasa, maana baadaye hutakumbuka kwa nini ulibadilisha kitu. Jaribu kwanza stoo, mbali na wagonjwa. Kabla ya wodini pitia kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na uiulize Bodi mapema inataka nini. Wauguzi waendelee kusoma geji na kuandika kitabuni kama kawaida, kengele ifuate tu.

FundiKondele
Sensa nimeshaing'oa. Kesho naenda soko la Kibuye kutafuta mzani. Sista, nikiweka betri ya akiba ya saa 12, itatosha zamu yako?

SistaWaZamu
Zamu ni saa 12, lakini anayenipokea huchelewa. Weka 24.