Trekta la zamani na mashine ya nyasi ya kufunga nyuma: uwanja wa kanisa, Kentucky

Kutoka: Kijana wa Lexington

Wazee wetu na ndugu, Bwana asifiwe. Na wale wa swala, asalaam alaykum.

Kanisa letu limepata kiwanja cha ekari 6 nje ya mji, upande wa Nicholasville. Kuna nyumba ya zamani, ghala, na majani yanayofika magotini. Mzee aliyetuuzia ametuachia na trekta lake, Ford 8N, na linawaka vizuri. Sasa tumeona mtu anauza mashine ya kukatia nyasi ya kufunga nyuma ya trekta, ile ya visu vitatu na magurudumu manne madogo, upana futi 5, imetumika. Kwetu Uvira sikuwahi kupanda trekta. Nikague nini kabla hatujatoa pesa za waumini? Na nifanye nini ili vijana wa kwaya, ambao ndio watakaokata kila Jumamosi, wasiumie?

Kutoka: Fundi, Bowling Green

Amina, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua. Kazi ya matrekta niliianzia kwenye mashamba ya miwa Morogoro na mpaka leo ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nitaandika kwa urefu kidogo.

Tuanze na trekta, kwa sababu muuza mashine hatakuambia habari zake. Ford 8N zilitengenezwa 1947 hadi 1952. Klachi yake ni moja tu, ndiyo inayounganisha na kuachanisha injini na magurudumu pamoja na PTO, yaani ile ncha ya chuma nyuma ya trekta inayozungusha mashine kwa njia ya shafti. Visu vitatu vikishakolea kasi vina nguvu nyingi ndani yake. Ukikanyaga klachi ili usimame, injini inaachia, lakini visu bado vinazunguka, na mzunguko huo unarudi kwa njia ya shafti mpaka kwenye giaboksi ya trekta na kulisukuma mbele. Mguu uko kwenye klachi na trekta linaendelea kwenda, iwe mbele kuna uzio au kuna mtu.

Dawa yake ipo na si ghali ukilinganisha na hatari yenyewe. Inaitwa ovaraningi klachi. Ni kipande cha chuma kinachovishwa kwenye ncha ya PTO, na kinafanya kazi kama friwili ya baiskeli: trekta linazungusha visu, visu haviwezi kuzungusha trekta. Ncha ya PTO ya 8N ni inchi 1 na 1/8, na mashine za sasa huja na inchi 1 na 3/8, kwa hiyo agiza ile inayobadilisha na kipimo. Angalieni, huenda mzee alikwishaiweka. Kama haipo, msifunge mashine hiyo hata kwa majaribio.

Kipande hicho kinaongeza urefu, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Shafti ya mashine ni mabomba mawili yanayoingiliana. Ikizidi urefu, ukiinua mashine mabomba yanagota mwisho na kugonga beringi za trekta upande mmoja na za giaboksi upande wa pili. Ikatwe bomba la ndani, la nje, na kava zake za plastiki kwa kipimo kilekile, halafu msugue ncha kwa tupa. Lakini isikatwe mno: mashine ikiwa kazini, mabomba yabaki yameingiliana angalau theluthi moja ya urefu wake.

Jambo jingine la 8N ni kwamba pampu yake ya haidroliki (nguvu ya mafuta ya kuinulia) inaendeshwa na PTO. PTO ikizimwa, mikono ya nyuma inayobeba mashine hainyanyuki. Maana yake, shafti ikiwa imefungwa, huwezi kuinua mashine bila visu kuzunguka. Kwa hiyo siku ya kunoa visu: zima injini, fungua shafti upande wa trekta, ndipo uwashe na kuinua, na asisogee mtu nyuma maana ncha ya PTO bado inazunguka. Kisha zima, zuia magurudumu yasisogee, weka ufunguo mfukoni, na ukingie mashine kwa magogo imara au stendi za chuma pande zote. Usiingize mkono chini ya kitu kilichoshikwa na haidroliki peke yake. Mafuta huvuja polepole na mashine hushuka bila kelele.

Sasa kabla ya kulipa. Shika kila kisu, injini imezimwa, ukitikise juu na chini. Kikicheza, beringi za hapo zimekwisha. Zungusha kwa mkono usikilize: sauti ya kusaga ni pesa yako inayotoka. Tazama mafuta ya giaboksi. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Tazama mkanda unaozungusha visu kama umepasuka au unang'aa ubavuni, na chini ya bati kama pameoza kutu. Kisha tazama kava ya plastiki ya shafti. Ikiwa haipo au imepasuka, nunua mpya kabla mashine haijafanya kazi hata dakika moja. Shafti inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikishika kamba ya jaketi, kitenge au skafu, mtu anavutwa kabla hajajua kilichotokea. Kava nzima inapaswa kugeuka kwa mkono kirahisi injini ikiwa imezimwa.

Na majani ya magotini si kazi ya mashine hii. Hii ni ya kusawazisha nyasi fupi. Mwombeni jirani mwenye mashine kubwa ya kufyekea vichaka apite mara ya kwanza, nanyi mtembee kwa miguu kuokota mawe, waya na vyuma. Uwanja wa zamani haukosi waya.

Kutoka: Mama wa Louisville

Fundi, Mungu akubariki. Mimi nina neno moja tu, kuhusu watoto. Jumamosi ya kazi kanisani huwa ni ya familia nzima, na najua jinsi baba zetu wanavyopenda kumpakata mtoto kwenye trekta apige picha. Nafanya kazi hospitali, na nawaomba, msifanye hivyo. Kiti ni kimoja, mtu ni mmoja. Chama cha madaktari wa watoto wa hapa Marekani kinashauri mtoto asiendeshe mashine ya nyasi ya kukalia kabla ya miaka 16, na hiyo ni ile ndogo ya bustani. Wakati wa kukata, watoto wawe ndani ya nyumba na mtu mzima mmoja mwenye kazi hiyo tu. Kisu kikipiga jiwe, halichagui pa kwenda.

Kutoka: Kijana wa Lexington

Asante sana, mama. Nitalitangaza Jumapili. Fundi, maswali mawili. Nyuma ya ghala ardhi inateremka kwenda kwenye mfereji, tukate vipi? Na grisi na kunoa, tufanye kila baada ya muda gani?

Kutoka: Fundi, Bowling Green

Huo mteremko ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote, mwanangu. 8N haikuja na fremu ya kinga, ile ya chuma inayomlinda dereva trekta likipinduka. Marekani, kwa wafanyakazi wa mashamba, sheria ilidai fremu na mkanda wa kiti kwenye matrekta yaliyotengenezwa baada ya tarehe 25 Oktoba 1976, na lenu ni la miaka mingi kabla ya hapo. Trekta likiinuka mbele na kupinduka kinyumenyume, dereva ana chini ya sekunde moja ya kufanya lolote. Ulizeni kama kuna fremu inayokubali modeli yenu. Upo mpango wa taifa unaorudisha hadi asilimia 70 ya gharama katika majimbo yenye fedha hizo. Ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Kentucky iko katika kila kaunti, zote 120, nendeni mkaulize. Fremu ikishafungwa, mkanda uvaliwe kila mara. Fremu bila mkanda inaweza kumwangukia dereva aliyerushwa.

Kwa sasa, nyuma ya ghala msiende na trekta. Kateni kwa mashine ya kusukuma. Sehemu zenye mwinuko mdogo, pandeni na kushuka, msikate kwa ubavu, na mkae mbali na ukingo wa mfereji kwa umbali usiopungua kina chake.

Grisi: krosi (viungo) za shafti na nipeli (vitundu vya kuingizia grisi) za visu, kila saa 8 hadi 10 za kazi, isipokuwa kitabu cha mashine kikisema vingine. Msisindilie, sili zitapasuka. Giaboksi nyingi hutumia mafuta mazito ya 80W-90, lakini kitabu ndicho kiamue. Ondoeni majani makavu chini ya kava za mkanda kila mnapomaliza, kwa brashi au upepo, si kwa maji ya presha, maana yanaingia kwenye beringi.

Visu vinolewe ncha za nyasi zinapoanza kuonekana zimechanika na kuwa kahawia. Fuateni pembe ya kiwandani. Kisha tundikeni kisu kwenye msumari kwa tundu la katikati: upande unaoshuka ndio mzito, upunguzwe kwa tupa mpaka kitulie. Kisu kisicho na uwiano kinaua beringi mnayoilipia. Kilichopinda hakinyooshwi wala kuchomelewa, kinatupwa.

Nyasi za huko nyingi ni feskyu. Ziacheni inchi 3 hadi 4, na msikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Nitumie picha ya ncha ya PTO kabla hamjalipa, nitakuambia kama ile klachi tayari ipo.