Gesi ya Kivu na wavuvi: waliopinga mitambo ya upepo baharini wanatufundisha nini?

Komite_ya_Ufuko (Goma)

Ndugu zangu, kwenye mikutano ya wavuvi, toka Kituku mpaka Minova, gesi ya ziwa ikitajwa tu lazima mtu asimame aseme: "Hata wazungu walikataa mitambo ya upepo kwenye bahari yao." Kweli walikataa, Ufaransa na Marekani. Lakini walikataa nini hasa, na walipata nini? Mwaka 2022 serikali yetu ya Kongo ilitangaza vitalu 3 vya gesi humu Ziwa Kivu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Ng'ambo, Rwanda, gesi inachotwa tayari. Siku komite ya wavuvi ikiitwa mezani, iombe nini, na ianze na lipi? Naomba majibu yenye vipimo.

Upepo_na_Mawimbi

Usiwaweke wapinzani wote kwenye kapu moja. Cape Wind, kule Massachusetts, ilikuwa mitambo 130 ya kusimikwa karibu na pwani. Ilipendekezwa mwaka 2001, ikafa mwaka 2017. Waliopiga kelele kubwa walikuwa wenye nyumba za ufukoni waliotetea mandhari yao, nao walikuwa na pesa za kulipa mawakili miaka 16. Komite ya wavuvi haina mfuko huo, kwa hiyo mfano huu hautufai.

Mfano wetu ni ghuba ya Saint-Brieuc, Ufaransa. Mitambo 62, megawati 496, kilomita 16 hivi kutoka nchi kavu, katika maji ambamo watu wanavua kombe wa Saint-Jacques. Wavuvi walitoka na boti zao mwaka 2021 kuizunguka meli ya kuchimba mashimo ya nguzo. Meli hiyo ilivujisha mafuta kipindi hichohicho, maana mwamba ulikuwa mgumu na mashine zilielemewa. Wavuvi walikuwa na hoja. Lakini eneo lilishatolewa kwa sosiete (kampuni) tangu mwaka 2012! Mahakama hazikuwapa ushindi, na mwaka 2024 mitambo yote ikaanza kutoa umeme. Nguvu ya mvuvi iko kabla ya kibali. Baada ya kibali anabaki kujadili fidia.

Fidia nayo ina mlango wake. Ufaransa, kodi ya mitambo iliyo kwenye maji ya pwani imegawanywa kwa sheria, na asilimia 35 inaenda kwa komite za wavuvi. Hilo liliandikwa kwenye sheria, halikuachwa kwa wema wa sosiete.

Jambo lingine ni kifaa kuvunjika. Julai 2024, bawa la mtambo wa Vineyard Wind, mradi wa upepo baharini kule Massachusetts, lenye urefu wa mita 107, lilivunjika kwa sababu gundi haikushika vizuri kiwandani. Vipande vya faibaglasi vikatapakaa kwenye fukwe za Nantucket, zikafungwa msimu wa watalii. Kwa hiyo kabla hamjasaini, ulizeni: takataka zikifika ufukoni, nani anasafisha, ndani ya saa ngapi, na nani anamlipa aliyekosa soko siku hizo?

Maji_ya_Kivu (Bukavu)

Naongeza tofauti moja kubwa. Mtambo wa upepo unasimama juu ya maji na haubadilishi matabaka yake. Jukwaa la gesi linafanya kazi ndani ya matabaka hayohayo yanayotulinda. Kivu ina kina cha mita 485. Chini kuna takriban kilomita za ujazo 60 za metani na 300 za kabonidioksidi, zimeshikiliwa na uzito wa maji ya juu. Samaki wanaishi kwenye mita 60 za juu tu, kwa sababu chini ya hapo oksijeni hakuna.

Jukwaa linavuta maji kutoka zaidi ya mita 300. Yakipanda, mkandamizo unapungua na gesi inatoka kama soda iliyofunguliwa. Metani inasafishwa, inapelekwa nchi kavu kwa bomba, na maji yaliyobaki yanarudishwa ziwani. Hapo ndipo swali lenu la kwanza: yanarudishwa kina gani? Yakimwagwa juu mno, yanaleta fosforasi na amonia kwenye maji ya samaki, pamoja na ile gesi yenye harufu ya yai bovu. Mwani unaongezeka, unaoza, unakula oksijeni. Yakirudishwa mahali pasipofaa kwa uzito wake, yanadhoofisha tabaka zito linaloizuia gesi ya chini, na mtu wa Goma anayeijua mazuku (gesi nzito ya kabonidioksidi inayoua mabondeni) hahitaji kuelezwa hiyo ni hatari gani. Kwenye kituo cha umeme wa gesi cha KivuWatt, Rwanda, maji yanachotwa mita 350 hivi na kurudishwa mita 240 hivi, na wataalamu wamebishana sana juu ya namba hiyo ya pili. Kwa hiyo neno "tutarudisha maji kwa usalama" lisikubaliwe. Iandikwe namba ya mita, na nani anaipima kila mwezi bila kulipwa na sosiete.

Swali la pili ni ramani. Eneo la marufuku la mita 500 kuzunguka jukwaa ndilo kubwa kabisa linaloruhusiwa baharini kwa sheria ya kimataifa. Duara hilo ni karibu hekta 78. Ulizeni pia nyaya za nanga zinatawanyika umbali gani, na bomba litalala chini au litaning'inia kwa maboya, mita ngapi kutoka juu. Wavu wa sambaza, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, unashushwa mbali chini ya taa hizo. Ukinasa kwenye kamba ya nanga usiku, mitumbwi yote mitatu iliyofungwa pamoja iko hatarini.

Mwana_Idjwi

Kwa nini tusikatae moja kwa moja? Mkianza kuomba masharti, mmeshakubali.

Upepo_na_Mawimbi

@Mwana_Idjwi, kukataa ni haki yenu, na kunaandikwa mahali palepale panapoandikwa masharti. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii kabla ya mradi wa aina hii, na wananchi wasikilizwe. Pelekeni barua ya kukataa yenye sababu, mbakie na nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Mkutano bila karatasi, kesho utaandikwa kwamba "wavuvi walishauriwa". Orodha ya mahudhurio mliyosaini msiiache bila kichwa kinachosema: kuhudhuria si kukubali.

Daftari_la_Sambaza

Wote mmesahau daftari. Kwenye mradi wa Vineyard Wind, aliyeomba fidia alitakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa akivua eneo hilo kabla. Bila rekodi, hasara yenu ni maneno matupu.

Anzeni sasa, kabla ya chombo chochote kuingia majini. Kila usiku andikeni: idadi ya vikundi vya mitumbwi vilivyotoka, mara ngapi wavu ulivutwa, saa taa zilipowashwa na kuzimwa, mahali (simu yenye GPS inatosha), kilo zilizofika ufukoni, na hali ya mwezi. Mwezi msisahau, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali sambaza hawakusanyiki kwenye taa, na mtu wa sosiete atalinganisha usiku wa giza na usiku mweupe aseme mavuno yamepanda. Hesabu inayosimama ni kilo kwa kikundi kwa usiku.

Endeleeni mpaka mpite viangazi viwili, maana Juni hadi Agosti maji ya juu yanachanganyika na mavuno yanabadilika yenyewe. Na lazima mpime pia ufuko mwingine ulio mbali na jukwaa. Mavuno yakishuka huku na kule sawasawa, jukwaa silo lililosababisha.

Komite_ya_Ufuko (Goma)

Aksanti sana. Lakini huku kwetu samaki wanauzwa kwa beseni, mizani iko moja tu. Itakuwaje? Na mwani, tutauona vipi bila maabara?

Daftari_la_Sambaza

Mizani moja inatosha. Chagua aina moja ya beseni, ichuje maji dakika 5, pima 10 zilizojaa kila mwezi, toa uzito wa beseni tupu, kisha tafuta wastani. Rudia kila mwezi, kwa sababu sambaza wadogo na wakubwa hawajazi sawa.

Kwa mwani, kata kisahani cheupe cha sentimita 20, kifunge uzito chini, na kamba yenye fundo kila nusu mita. Kishushe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, upande wa kivuli cha mtumbwi. Andika kina ambapo kisahani kinapotea machoni na ambapo kinaonekana tena, chukua katikati yake; kina hicho kikizidi kupungua, huenda mwani unaongezeka. Mtu yuleyule apime kila wiki, sehemu zote mbili. Macho ya watu wawili hayalingani, na hapo ndipo daftari nyingi zimeharibika.